Msitu Una Mwenyewe, Njia Haina



Maji ya bomba wanayokunywa watu wa Helsinki hayatoki Helsinki. Yanatoka ziwa Päijänne, kaskazini mwa jiji, na kabla ya kufika jikoni kwa mtu yamepita kilomita 120 ndani ya handaki lililotobolewa kwenye mwamba, kazi iliyokamilika mwaka 1982. Sisi tulisafiri kinyume na maji hayo. Yenyewe yanashuka kusini chini ya ardhi, sisi tukapanda kaskazini juu yake, ndani ya gari dogo lenye mahema kwenye buti, sufuria moja nyeusi, na ndoo mbili tupu za plastiki ambazo sikuambiwa ni za nini.

Nasema sisi kwa kuwa gari na safari vilikuwa vya mwenyeji wangu, mama mmoja wa Kifini, mstaafu, aliyekuwa muuguzi miaka mingi kwenye hospitali ya misheni huko Nyanda za Juu Kusini. Kiswahili chake ni kile cha Njombe, na asubuhi bado anakuwahi na “Kamwene” kabla hajakumbuka kwamba mimi si Mbena. Jina lake hapendi litajwe redioni, kwa hiyo tumwite Mama tu. Na mimi, pamoja na mvi zangu hizi, nilikuwa “mwanangu” tangu Helsinki hadi Kuusamo.

Ufini, au Finland kama wengi tulivyozoea kuiita, ina watu kama milioni 5.6. Mkoa wa Dar es Salaam peke yake, kwa sensa ya 2022, ulikuwa na watu zaidi ya milioni 5.3. Sasa chukua watu hao wa Dar, watawanye kwenye nchi iliyo zaidi kidogo ya theluthi ya Tanzania, robo tatu ya nchi kavu iwe msitu, halafu wape maziwa 188,000, ukihesabu hata vidimbwi vya mita za mraba 500. Takwimu hizo zimo kwenye kila kijitabu cha watalii. Kisichoelezwa sana ni swali ambalo mtu wa kwetu angeliuliza kabla hajashuka garini: msitu wote huu ni wa nani, na mimi naingia kwa ruhusa ya nani? Hilo ndilo nataka tulizungumze leo, ingawa barabara itatuchelewesha kidogo kabla hatujalifikia.

Kutoka Helsinki hadi Lahti ni kama kilomita 100 za barabara kuu pana, na kiangazi unaruhusiwa kukimbia hadi 120 kwa saa. Hakuna kibanda cha kulipia ushuru njiani. Taa za gari huwashwa mchana kutwa, jua liwake lisiwake, ndiyo sheria. Ukiacha barabara kuu mwendo unashuka hadi 100, kisha 80, na Mama hakuzidisha hata moja. Nilipomtania kwamba bajaji za Mbagala zingetupita, alinijibu bila kugeuza shingo: “Mwanangu, huku faini haina bei moja. Kwanza wanaangalia mshahara wako.”

Ni kweli. Kosa la mwendo likiwa kubwa, faini hukokotolewa kwa kipato cha mkosaji. Mwaka 2002 mkurugenzi mmoja wa kampuni ya Nokia aliandikiwa faini ya euro 116,000 kwa kuendesha pikipiki kwa kasi ya 75 mahali pa 50. Baadaye ilipunguzwa sana, baada ya kuonyesha kwamba kipato chake kilikuwa kimeshuka, lakini habari ilikwisha kuenea dunia nzima. Pensheni ya muuguzi haiwezi kufikisha faini huko. Mama hata hivyo hakuwa tayari kujaribu.

Baada ya Lahti tuliiacha barabara kuu makusudi, tukaingia upande wa Asikkala. Hapo barabara inapanda juu ya tuta jembamba na ghafla maji ya Päijänne yako kushoto na kulia kwako, misonobari imesimama kingo zote mbili. Tuta hilo linaitwa Pulkkilanharju, lina urefu wa kilomita nane hivi, na halikujengwa na mtu. Miaka elfu kumi na zaidi iliyopita nchi yote hii ilikuwa chini ya barafu yenye unene wa zaidi ya kilomita mbili. Barafu ilipoanza kuyeyuka, mito ilipita chini yake ndani ya mahandaki ya barafu hiyo hiyo, ikisukuma mchanga na kokoto. Barafu ilipokwisha, mchanga uliokuwa umejaza handaki ukabaki umesimama peke yake, na watu waliokuja baadaye wakaona pa kupitisha barabara. Na mahali ambapo barafu ilikwangua mwamba na kuacha mabonde, maji yaliingia yakakaa. Ndiyo sababu maziwa ya Ufini ni mengi lakini hayana kina: wastani ni mita saba tu. Ziwa Tanganyika linazidi mita 1,400. Na nchi yenyewe, tangu itue mzigo ule, haijaacha kuinuka. Pwani ya magharibi inapanda karibu milimita tisa kila mwaka, na kisiwa kinaweza kuzaliwa mbele ya macho ya mtu katika umri wake.

Tulikwenda mwishoni mwa Julai. Mwezi Juni, maeneo ya kati ya nchi, jua huzama baada ya saa tano usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi alfajiri, kwa hiyo msafiri Mwislamu na aulize mapema jamaa wa Helsinki wanafuata hesabu gani ya magharibi na isha, asije akasubiri giza lisilokuja. Sisi tulilikuta jua limeanza kurudi kwenye adabu, linazama saa nne. Mbu? Wapo, kwa mawingu. Hawana malaria, lakini hilo halikufariji saa wanapokula shingo yako.

Sasa nije kwenye kivuko, kwa kuwa hapo ndipo nilipoanza kuelewa nchi hii.

Karibu na mji mdogo wa Puumala, kwenye ziwa Saimaa, barabara inafika majini na kukoma. Mbele kuna ng'ambo nyingine, unaiona, ukipiga kelele watakusikia. Mahali hapo panaitwa Hätinvirta. Kuna taa nyekundu, kizuizi cha mlango, na pantoni ya rangi ya manjano inayoongozwa na kamba ya chuma iliyolala chini ya maji. Wafini huiita lossi. Tulikuwa sisi, trekta moja lenye majani ya ng'ombe, na msichana na baiskeli yake. Taa ikawa kijani, tukaingia, Mama akavuta breki ya mkono, akazima injini. Mimi nikaanza kupapasa mfuko nikitafuta sarafu, nikitazama atatokea upande gani mtu wa tiketi. Hakutokea. Dakika chache tukawa ng'ambo, mlango ukashuka, trekta likatangulia.

“Analipa nani?” nikauliza.

“Barabara inalipa.”

Yaani lossi ni sehemu ya barabara ya serikali. Kama vile hulipi kupita kona, hulipi kupita hapo. Maji yameikata barabara, na aliyeijenga barabara anadaiwa kuiunganisha. Wewe unayesikiliza uliyewahi kupanga foleni Kigamboni au Likoni unaweza kuwa na la kusema kuhusu wingi wa watu, na una haki, kwa sababu kubeba trekta na baiskeli si sawa na kubeba maelfu kila saa. Lakini mimi kilichonigusa ni kwamba lossi lile lingeweza kabisa kufungwa. Watu wa ng'ambo ile ni wachache mno. Likaachwa, kwa kuwa nao wana barabara.

Saimaa ni kubwa kwa kipimo chao: kilomita za mraba kama 4,400, kubwa kuliko maziwa yote ya Ufini. Ziwa Victoria lingelimeza mara kumi na tano. Lakini Victoria ukisimama Bukoba unaona maji hadi upeo wa macho, na Saimaa halikupi upeo. Lina visiwa karibu 14,000 na ufuko wa kilomita karibu 15,000 ukifuata kila ghuba na kila rasi, hivi kwamba unaweza kuendesha asubuhi nzima ukilizunguka ziwa moja huku ukidhani umeshapita maziwa kumi.

Ndani yake anaishi mnyama ambaye hapatikani popote pengine duniani, sili wa Saimaa. Sili ni mnyama wa baharini, na mababu wa huyu walikuwa wa baharini. Barafu ilipoondoka na ardhi ikainuka, ghuba ikakatwa na bahari, wao wakabakia ndani na maji yakawa baridi yasiyo na chumvi. Leo wako takriban 500. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawakufika hata 200. Jike huzalia ndani ya shimo analolichimba kwenye theluji iliyorundikana ufukoni, na hapo ndipo shida ilipo siku hizi: majira ya baridi yakiwa na joto, theluji haitoshi, mtoto anakaa wazi na mbweha anampata. Kwa hiyo watu wa kujitolea, wakiongozwa na idara ya misitu ya serikali na watafiti wa chuo kikuu, huenda juu ya barafu na makoleo, wakarundika theluji kwa mikono ili sili wapate pa kuchimba. Na kuanzia katikati ya Aprili hadi mwisho wa Juni, wavuvi wa maeneo hayo hawaruhusiwi kutega nyavu, watoto wasije wakanasa. Sikumwona sili hata mmoja. Mama kazaliwa ufukoni mwa ziwa hilo na amewaona mara chache tu.

Savonlinna tulipita haraka. Ngome ya Olavinlinna, iliyoanza kujengwa 1475 ili kuilinda himaya ya Uswidi dhidi ya Warusi, inakaa juu ya mwamba katikati ya mkondo wa maji, na kila kiangazi uani mwake huimbwa opera, desturi iliyoanza 1912. Tiketi zilikuwa nje ya uwezo wetu. Kerimäki kuna kanisa la mbao la mwaka 1847, linalotajwa kuwa kubwa kuliko yote ya mbao duniani, watu elfu tatu na zaidi wanakaa vitini kwenye kijiji ambacho sidhani kimewahi kulijaza. Punkaharju ni tuta jingine kama lile la kwanza, kilomita saba, zuri zaidi. Ukilazimika kuchagua moja, chagua hili, na ulipite kwa miguu.

Ndoo zilipata kazi siku tuliyokuwa tunaelekea Koli.

Mama alisimamisha gari kwenye kijibarabara cha changarawe, pembeni ya msitu usio na uzio wala kibao. Akatoa ndoo, na kifaa kimoja nilichokidhani ni cha kuchana manyoya ya kondoo: kisanduku chenye mpini juu na meno marefu mbele. Chini ya misonobari, hadi macho yalipoishia, kulikuwa na vichaka vya kufika gotini vyenye beri za buluu nyeusi, ndogo kuliko zabibu. Unakisukuma kile kisanduku ndani ya kichaka, unakiinua, beri zinabaki ndani na majani yanapukutika. Vidole vinakuwa zambarau hadi kesho yake. Beri hizi za porini si zile kubwa za kwenye maduka makubwa, nyeupe ndani. Hizi ni nyeusi hadi kokwa, chachu kidogo, na zina harufu.

Nikauliza lile swali langu. “Mama, msitu huu ni wa nani?”

“Sijui.”

“Hujui? Na tunachuma?”

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa hewa ni ya nani. Halafu, kwa kuwa aliwahi pia kuwa mwalimu wa wauguzi na hawezi kuacha kufundisha, akakaa juu ya jiwe akanieleza. Zaidi ya nusu ya misitu ya Ufini ni mali ya watu binafsi na familia zao. Wenye misitu ni kama 600,000, maana yake karibu katika kila ukoo yupo mmoja. Msitu una hati, una mipaka, unarithiwa, watu wanaugombania mahakamani kama kwetu wanavyogombania viwanja. Lakini kuna haki wanayoiita ya kila mtu, ya zamani kuliko sheria nyingi zilizoandikwa, nayo haimwulizi mtu pasi yake. Mimi na wewe, mgeni au mwenyeji, tunaweza kupita msituni kwa miguu, kwa baiskeli au kwa ubao wa theluji, kulala usiku mmoja au mbili ndani ya hema, kuogelea, kuvua kwa ndoana ya kawaida, kuchuma beri na uyoga, bila kumwuliza mwenye ardhi. Beri ulizochuma ni zako. Ukiziuza sokoni, fedha yake haikatwi kodi.

Yapo mambo manne ambayo huruhusiwi, na Mama aliyahesabu kwa vidole vyake vya zambarau. Usikate mti wala kuvunja tawi. Usiwashe moto bila ruhusa ya mwenye ardhi. Usiingize gari msituni. Na usisogelee nyumba ya mtu, kwa kuwa ua wa mtu ni wa mtu. Hakuna kipimo cha mita kilichoandikwa kwa hilo la mwisho. Unatakiwa ujue mwenyewe. Akaongeza la tano, ambalo halimo kwenye sheria yoyote: usimwulize Mfini anachuma wapi uyoga wake, hata kama ni mamako mzazi.

Wanaotoka pwani yetu wanajua habari ya ukuta wa hoteli unaoshuka hadi mchangani, na askari mwenye kirungu anayekuuliza unakwenda wapi. Bahari ya nani, mchanga wa nani, na jibu linategemea umevaa nini. Mimi nimeulizwa. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba hapa swali hilo haliulizwi, nilikaa kimya muda, nikachuma.

Lakini tusipambe. Beri zikiwa za bure, mtu wa kuzichuma hapatikani bure. Wafini wenyewe huchuma za kujaza friza zao. Za viwandani, kwa sehemu kubwa, zimekuwa zikichumwa kwa miaka mingi na Wathai, maelfu waliokuwa wakisafirishwa kila kiangazi kutoka vijiji vya mbali, wengi kwa mkopo wa nauli. Miaka mingi hawakuhesabiwa kuwa waajiriwa wa mtu. Walihesabiwa kama watu waliokuja kutumia ile ile haki ya kila mtu, kwa hiyo hasara ya msimu mbaya ikawa yao. Kesi zilifika mahakamani kwa mashtaka ya usafirishaji haramu wa binadamu na wapo waliotiwa hatiani. Tuliwaona njiani mara moja, gari la abiria la kizamani limeegeshwa pembeni, ndoo zimepangwa mlangoni. Mama aliwapungia mkono. Hakusema kitu hadi Koli.

Koli ni kilima cha mwamba mweupe mweupe juu ya ziwa Pielinen, mita 347 kutoka usawa wa bahari, si mlima kwa mtu aliyeona Rungwe. Wafini wanakipenda kupita kiasi. Wachoraji wao wa mwisho wa karne ya 19 walikipanda na kuchora ziwa lile na visiwa vyake wakati nchi ilikuwa bado chini ya mfalme wa Urusi, na watu wakaamua kwamba hivyo ndivyo nchi yao inavyofanana. Mwaka 1991 kikawa hifadhi ya taifa. Sisi tulilala humo, kwenye kibanda cha magogo chenye kuta tatu na upande wa nne wazi, unaotazama mahali pa moto. Vibanda hivi viko katika hifadhi nyingi na hulipii. Pembeni kuna banda la kuni, na ndani ya banda kuni zimekatwa magogo, shoka limetundikwa ukutani. Unapasua unazohitaji, unamwachia anayekuja. Nililitazama shoka lile kwa muda. Halikufungwa kwa mnyororo.

Asubuhi tukakata magharibi kupitia Juuka kuelekea Kuopio, na njia hiyo ndiyo iliyonionyesha upande mwingine wa msitu. Lori la magogo lilitupita: trela nyuma ya lori, tani 76 zinaruhusiwa kisheria. Nyuma yake jingine. Kisha msitu ukafunguka upande wa kulia, mahali ambapo hakukuwa na msitu tena, visiki tu na matawi yaliyorundikwa, na mbele kidogo miti ya kimo cha mtu, yote ya umri mmoja. Mtalii anaiona Ufini kama nyika. Sehemu kubwa ya nyika hiyo, kusini na kati, ni shamba. Hupandwa, hupunguzwa, huvunwa, hupandwa tena, isipokuwa msimu mmoja wa mavuno huchukua miaka 60 hadi 100. Anayepanda hapandi kwa ajili yake. Kule Sao Hill msonobari unahesabiwa miaka 25, na mkulima mdogo wa Makete mwenye ada ya shule ya kulipa huukata kabla ya hapo. Mama alilijua hilo kwa kina, kwa kuwa fedha za Ufini ndizo zilizogharamia mradi wa Panda Miti Kibiashara huko huko Nyanda za Juu Kusini kuanzia 2014. “Nyie mvua na jua vinawasaidia,” akasema. “Sisi tunasaidiwa na subira.”

Nani mwenye haki ya kulalamika msitu ukifyekwa? Wapo Wafini wanaolalamika, tena kwa sauti, kwamba misitu ya kale iliyobaki kusini ni michache mno. Na ile haki ya kila mtu hapo haisaidii: inakupa njia ya kupita, haikupi kauli. Mwenye msitu akileta mashine kesho, kichaka chako cha beri ulichokizoea tangu utoto kimekwenda, na hana la kukueleza.

Kuopio tulikula. Sokoni huuzwa mkate wa ngano nyeusi, wenyewe wanaiita ruis, mzito kama jiwe la mafiga, na ukiukata unakuta umejaa samaki wadogo wa ziwani waliookwa humo kwa saa nyingi hadi miiba imelainika ikaliwa. Unaitwa kalakukko. Mkulima au mkata miti alikuwa anaufunga kwenye kitambaa asubuhi na kula akiwa kazini. Ni chakula kitamu na cha haki, ila msikilizaji Mwislamu akae macho: juu ya samaki huwekwa mafuta ya nguruwe. Omba samaki wale wale wa kukaanga, muikku, kwenye sahani ya karatasi, pembeni ya ziwa. Hao hawana neno.

Na Kuopio ndiko alikokulia mtu ambaye wazee wa Dar es Salaam wanaweza kumkumbuka. Martti Ahtisaari alizaliwa Viipuri 1937, mji ambao vita viliutia mikononi mwa Wasovieti, familia yake ikakimbia na hatimaye kukaa hapa. Kati ya 1973 na 1977 alikuwa balozi wa Ufini Tanzania. Baadaye akawa rais wa nchi yake, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki 2023. Mama alinionyesha mtaa kwa kidole tukiwa tunapita, akasema alikuwa mtoto wa wakimbizi, kisha akarudi kwenye usukani.

Kutoka Kuopio ni barabara namba 5 moja kwa moja, Iisalmi, Kajaani, na nyumba zinapungua. Vibao vya pembe tatu vyenye picha ya mnyama vinaongezeka. Huyo ni hirvi, wa ukoo wa ayala, lakini usimfikirie swala: dume linaweza kuzidi kilo 500, na miguu ni mirefu kiasi kwamba gari likimgonga linakata miguu na mwili unaingia kwa kioo. Anatoka zaidi alfajiri na jioni. Kanuni ya Mama ilikuwa fupi: “Ukimwona mmoja akivuka, simama. Mwenzake yuko nyuma.” Tulimwona mmoja. Tulisimama. Mwenzake alikuwa nyuma, na mtoto.

Suomussalmi kuna mambo mawili, nami nitayataja kinyume na tulivyoyaona. Kaskazini ya mji, kando ya barabara, kuna uwanja wa nyasi wenye watu kama elfu moja waliosimama kimya. Ni misalaba ya mbao iliyovishwa nguo za kweli, makoti, magauni, sweta za watoto, na kila kichwa ni bonge la udongo mweusi wa bwawani lenye majani makavu kama nywele. Imetengenezwa na Reijo Kela, mtunzi wa dansi, na nguo hubadilishwa mara mbili kwa mwaka. Hakuna kibao cha kueleza maana, na Kela mwenyewe hajawahi kutaka kuieleza. Watoto walikuwa wanakimbia katikati yao.

Jambo la pili ni barabara ya Raate, inayokwenda mashariki kuelekea Urusi. Majira ya baridi ya 1939 na 1940 jeshi la Kisovieti lilipita humo likilenga kuikata Ufini vipande viwili, na Januari 1940 divisheni nzima ikavunjwavunjwa kwenye kichochoro hiki cha msitu, kwa kuwa magari hayakuweza kutoka nje ya barabara na Wafini walikuwa juu ya ubao wa theluji, wakiingia na kutoka msituni wapendavyo. Kwenye mnara wa kumbukumbu zimetundikwa kengele 105, moja kwa kila siku ya vita vile, na kuuzunguka wamepanga mawe maelfu kwa ajili ya waliokufa wa pande zote mbili.

Tuliendelea hadi karibu na mwisho wa barabara, kwenye nyumba ya zamani ya walinzi wa mpaka ambayo sasa ni makumbusho. Msitu pale ni ule ule, beri zile zile, na nilikuwa nimeshazoea kuingia popote. Mama akanishika mkono. Mbele yetu palikuwa na kibao cha manjano, na miti kadhaa imepakwa mkanda wa rangi hiyo hiyo. Ni eneo la mpaka, linaloweza kufika upana wa kilomita tatu, na humo haki ya kila mtu inakoma: hupiti, hulali, huchumi, bila kibali cha walinzi. Ufini imepakana na Urusi kwa kilomita 1,340, na tangu mwisho wa 2023 vituo vyote vya kuvukia watu kwa barabara vimefungwa. Mama alisema zamani walikuwa wanakwenda ng'ambo ya pili kununua mafuta ya gari kwa bei nafuu na kurudi kabla ya chakula cha jioni. Tukageuza, kwa kuwa Kuusamo ilikuwa bado zaidi ya kilomita mia moja, jua limeanza kulala na hirvi wanajulikana hutoka saa ngapi.